Kurudisha Bakuli la Lurdes Manteigas

Tangu turudi, kila ninayekutana naye msikitini ananiuliza swali lile lile: mlikwenda Ureno kufanya nini, na mbona Mama amerudi amechangamka namna ile? Nimechoka kusimulia vipande vipande mlangoni huku tukivaa viatu. Nimeamua kuiandika yote mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake. Habari za tiketi na karatasi mniwie radhi, sizigusi. Mnazijua wenyewe.

Kwa wale wasiotujua vizuri, sisi ni watu wa Tanga. Tuliingia Toronto mwaka 2001 tukapanga Parkdale, ghorofa ya chini ya nyumba kuukuu, na jirani yetu wa uani alikuwa mama wa Kireno akiitwa Lurdes. Kiingereza cha Mama kilikuwa cha kuokoteza, na cha Lurdes hakikuwa na nafuu. Wakawa wanaongea kwa chakula. Lurdes ndiye aliyeanza, alituletea supu ya majani mabichi ndani ya bakuli la udongo lenye mstari wa bluu mdomoni. Supu ilikuwa na vipande vya soseji ya nguruwe, ikabidi niende kumweleza kwa adabu kwamba hatuli. Lakini bakuli Mama alilirudisha na bajia, kwa sababu kwetu si ustaarabu kumrudishia mtu chombo kitupu. Lurdes naye, kumbe, alilelewa hivyo hivyo. Kesho yake bakuli likarudi na wali wa maziwa uliochorwa juu kwa mdalasini. Mama akalipeleka na kaimati. Wakaendelea hivyo miaka, bakuli moja, uzio mmoja, na hakuna kati yao aliyekubali kuwa wa kwanza kuacha.

Mwaka 2009 Mama alikwenda Tanga kumzika dada yake. Aliporudi, nyumba ya Lurdes ilikuwa imeuzwa. Mumewe alikuwa amefariki, na yeye amerudi kwao, mji mdogo wa mlimani uitwao Manteigas. Bakuli likabaki kwetu. Tulipohamia North York, upande mwingine wa Toronto, lilihama nasi likiwa limefungwa ndani ya kanga, na hakuna aliyeruhusiwa kulitumia, hata wageni walipojaa nyumbani.

Halafu mwaka huu wa 2013, vuli ilipoanza, binti yake Lurdes, Fátima, akanipigia simu. Alisema mama yake hawezi tena ngazi za nyumba yake wala baridi ya mlimani, na kumbukumbu zinamtoka. Mwishoni mwa Oktoba angemhamishia kwake Lisbon, na nyumba ingefungwa. "Kama mnataka kumwona akiwa kwake, na akiwa bado anajua nani ni nani, njooni kabla," alisema. Nikamweleza Mama. Alikwenda kabatini, akalitoa bakuli, akalifungua kanga na kulipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

Toronto hadi kisiwani

Mama alikaanga visheti, akalijaza bakuli mpaka juu, akalifunga kwa kanga yake, na kuanzia hapo hakuliachia. Kwenye ukaguzi uwanjani kijana wa usalama alimwomba alifungue. Mama alilifungua, akamsubiri amalize kuangalia, kisha akamkaribisha. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba huyu yuko kazini. Akaniambia, "Kazini ndiyo haoni njaa?"

Ndege yetu ilipita kwanza kwenye visiwa vya Wareno katikati ya bahari, ishushe watu kisha iendelee Lisbon. Tukateremka asubuhi, ukungu ukateremka nyuma yetu, na hakuna kilichoruka tena. Mimi ni mtu wa mipango, mnanijua. Nilikuwa nimeacha nafasi ya siku mbili na Lurdes kabla hajahamishwa. Nikakaa ukumbini nikiutazama ukungu na kuiona siku ya kwanza ikiyeyuka.

Abiria wengi walikuwa wazee wa Kireno wa Toronto wanaokwenda kwao. Mkabala na sisi alikaa mzee mmoja na mkewe. Mchana hivi mzee akaanza kutetemeka mikono na kutokwa jasho. Mkewe akawa anapekua mkoba huku midomo inamcheza, na duka la pale lilikuwa limeishiwa karibu kila kitu. Mama ana kisukari mwenyewe, anazijua dalili za sukari kushuka. Hakuniuliza mimi wala hakumwuliza mtu. Alilifungua bakuli akamtia mzee kisheti mkononi, akamsimamia mpaka akakimaliza, akampa kingine.

Mzee alirudiwa na rangi, na mkewe akamshika Mama mikono yote miwili akiongea maneno mengi ambayo hatukuyaelewa. Ingeishia hapo. Lakini bakuli lilikuwa wazi, watu wametuzunguka, na mama yangu hajawahi maishani mwake kumpa mtu mmoja akamnyima aliyekaa pembeni yake. Alianza na mke wa mzee. Akaja kwa mama mmoja mwenye mtoto. Akaenda safu ya nyuma. Nilimshika ukingo wa baibui nikamnong'oneza, "Mama, ni vya Lurdes hivyo."

"Najua ni vya nani," akasema, na akaendelea.

Ukungu uliondoka jioni. Tulipoingia ndegeni bakuli lilikuwa na chembe za sukari tu, na Mama alilifunga kwenye kanga uzuri ule ule kana kwamba limejaa.

Treni ya kando ya mto

Lisbon sikuiona, niseme kweli. Nililiona daraja refu, kituo cha treni chenye paa la vioo, na kahawa kwenye kikombe kidogo ambayo Mama aliitazama akauliza iliyobaki iko wapi. Tukapanda treni ya kwenda Covilhã, mji ulio chini ya milima.

Jamani, njia ile. Treni inafuata mto kwa masaa, karibu kiasi kwamba unaona kivuli chako majini. Kuna ngome ya kale imesimama peke yake juu ya kisiwa kidogo katikati ya mto, na hakuna aliyeinua kichwa kuitazama isipokuwa sisi. Mbele zaidi majabali mawili yanasogeleana na mto unapenya katikati, tai wanazunguka juu. Mama aliutoa mkono wake juu ya bakuli kwa mara ya kwanza na kuuweka kwenye kioo.

Covilhã nilimpigia Fátima. Alifurahi tumefika, kisha akasema gari alilokodi na dereva wake litaondoka kesho saa sita mchana. Alikuwa na kazi Lisbon, hakuweza kusogeza. Nikamwambia hakuna neno, tunakuja jioni hii hii.

Bonde

Dereva wa teksi aliyetuvusha mlima alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, na aliamini kwa moyo wote kwamba tumekuja kuangalia mandhari. Nilimwonyesha saa yangu. Akatingisha kichwa kwa furaha, akasimamisha gari kwenye kona ya kwanza ili tutazame bonde tulikotoka. Nikamwonyesha saa tena. Akasimama kwenye chemchemi iliyokuwa inatoka ndani ya jabali, akatoa kikombe kwenye gari, akamnywesha Mama. Nilipanga kumkasirikia.

Kisha tukavuka mgongo wa mlima na barabara ikateremka ndani ya bonde la mto Zêzere, na hasira ikaniishia. Barafu ya kale ndiyo iliyolichimba bonde lile, na imelichimba taratibu na sawasawa, ukuta huu na ukuta ule, chini kumelala tambarare ya kijani na mto mwembamba. Kuna mawe ya ukubwa wa nyumba yameachwa majanini pale barafu ilipoyachoka. Kuna vibanda vya mawe vya wachungaji, kuta zake zimepangwa bila hata tone la saruji. Kondoo walikuwa wanateremshwa, kengele zao zinasikika upande wa pili wa bonde. Mama aliniambia nimwombe dereva asimame tena. Safari hii ni yeye aliyetaka.

Mji uko mwisho wa bonde. Nyumba nyeupe zenye pembe za mawe ya kijivu zimepandiana mlimani, na kila uchochoro una maji yanayopita, kwenye mifereji, kwenye mabirika ya mawe, kwenye bomba ambalo halifungwi. Moshi wa kuni ulikuwa umetanda juu ya mapaa, jua linaondoka. Tulishukia kwenye nyumba ya wageni ya Bi Graça, mama mjane mwenye aproni na Kiingereza cha kazini, na nikamwambia Mama anawe uso twende kwa Lurdes.

"Siendi," akasema.

Nilidhani amechoka. Akalifungua bakuli akanionyesha.

"Mama, mwanamke huyu anasahau watu. Kesho mchana anaondoka. Tumevuka bahari."

"Ndiyo nikamwendee na chombo kitupu? Miaka minne nimekaa nacho."

"Tutanunua biskuti."

"Lurdes aliwahi kuniletea cha dukani?"

Niliinua sauti, sifichi. Nilimwambia kwamba Lurdes huenda leo anamkumbuka na kesho asimkumbuke, na kwamba hakuna mtu duniani, Mreno wala Mswahili, angemlaumu. Mama alikaa kitandani akavua viatu. "Asubuhi nitapika," akasema. "Kamwombe huyo mama jiko."

Usiku ule tulikula chini pamoja na Bi Graça, mimi na Mama hatuongei. Alituletea mkate mzito na jibini ya mlimani, laini kiasi kwamba unaichota kwa kijiko. Sasa mnajua Mama na jibini. Toronto husimama dukani akisoma maandishi ya pakiti mpaka foleni inahamia kwingine, ajue maziwa yamegandishwa na nini, isije ikawa tumbo la mnyama asiyechinjwa. Nikamwuliza Bi Graça. Alikwenda ukutani akachukua shada la maua makavu ya zambarau yenye miiba, jamaa ya mbaruti yetu, akalisugua kidoleni. Maua, basi. Maziwa ya kondoo, chumvi na maua. Mama alikula nusu ya ile jibini, na mwisho akanichotea mimi kijiko bila kunitazama. Hapo tukawa tumepatana.

Jikoni kwa Bi Graça

Alfajiri nilitoka kutafuta unga wa ngano na sukari. Mawe ya njia yalikuwa yamelowa na milima imesimama pande zote mbili karibu mno, kama watu walioinama kuangalia ndani ya sufuria. Mwenye duka alikuwa amevaa koti la sufu nzito ya kule kule, kitambaa ambacho mvua inateleza juu yake. Aliponiuliza nimetoka wapi nikamwambia Kanada. Akasema, "Ah, kwa Mkanada," akanionyesha kwa kidole nyumba ya juu kabisa, yenye ngazi.

Lurdes, Mkanada. Nilirudi nikamweleza Mama akacheka mpaka akakaa. Parkdale nzima walimwita Lurdes yule Mreno. Sisi Tanga tuliitwa Wahindi, kwa asili ya babu zetu, na Toronto tunaitwa Waafrika. "Basi tuko sawa, mimi na yeye," akasema, akaanza kupepeta unga.

Iliki alikuwa nayo mkobani. Mama yangu haendi popote bila iliki. Kilichokosekana ni samli. Bi Graça alielewa tunachotafuta, mafuta ya kukandia, akatushushia chungu kutoka rafu ya juu. Ndani mlikuwa na mafuta meupe, yameganda vizuri, safi kabisa. Mama aliyanusa, akayasifu, akasema hata Tanga siku hizi hupati samli nyeupe namna hii. Akachota kijiko kikubwa, kikawa juu ya unga.

Nikamwuliza Bi Graça ni ya ng'ombe au ya kondoo. Alitafuta neno, hakulipata. Akaibonyeza pua yake kwa kidole ikatazama juu, akakoroma.

Kijiko kilisimama hewani. Mama alikirudisha chunguni polepole kama mtu aliyebeba yai, akaenda kunawa mikono hadi viwikoni. Bi Graça alituangalia wote wawili, mkono mdomoni, kisha akacheka kwa sauti, na Mama naye akashindwa kujizuia. Alituletea mafuta ya zeituni ya shamba la kaka yake, ya kijani, yenye harufu kali, na Mama akakandia na kukaangia hayo hayo. Sijawahi kuona visheti vikikaangwa kwa zeituni. Vilikuwa vya kahawia iliyoiva, na jiko lote lilinukia iliki na kitu kingine cha milimani.

Nilitazama saa, nikatazama tena. Shira haiharakishwi, Mama alisema, ukiiharakisha inakuwa maji. Alivipindua vimoja vimoja mpaka sukari ikashika nyeupe. Bi Graça alikaa kwenye kigoda akiangalia kila hatua. Tulipolijaza bakuli na kulifunga kanga ilibaki kama saa moja na nusu hivi.

Nyumba yenye ngazi

Magoti ya Mama ni mabovu. Nyumbani anasali kwenye kiti. Ngazi za kwenda kwa Lurdes alizipanda akiwa ameukumbatia mzigo wake, amekataa nimsaidie kuubeba, anapumzika kila baada ya ngazi chache, na kila akipumzika anageuka kuutazama mji. "Sasa naelewa kwa nini alikuwa anaisema vibaya Parkdale," aliniambia.

Fátima alitufungulia. Masanduku mawili yalikuwa mlangoni. Lurdes alikaa kwenye kiti kimoja kilichobaki, nguo nyeusi, koti limefungwa vifungo vyote, mikono juu ya fimbo. Amekuwa mdogo. Mama alisimama mbele yake, na Lurdes akamtazama uso, muda mrefu, kwa upole, kama unavyomtazama mgeni. Hakuna kilichotokea. Fátima akaniambia taratibu kwamba asubuhi ile hakumtambua hata yeye.

Nilitamani kumwambia Mama, si nilikwambia. Namshukuru Mungu nilinyamaza.

Mama hakujitambulisha. Alipiga goti moja, akaliweka bakuli mapajani kwa Lurdes na kufungua kanga. Lurdes aliteremsha macho. Akapitisha kidole kwenye ule mstari wa bluu, akauzungusha wote, mpaka pale kwenye pengo dogo ambalo mimi ndiye niliyelitia Parkdale nikiosha vyombo. Kisha akamtazama Mama tena, na kwa kile Kiingereza chao cha uzioni akasema, "Umechelewa."

"Ndege," Mama akajibu. "Ndege ilichelewa."

Nililia, na sioni haya kulisema. Jina la Mama hakulitaja siku ile, na sijui kama alilikumbuka. Lakini alikula kisheti, akafikiri kidogo, akasema, "Mafuta yetu." Akala cha pili na cha tatu. Wakakaa wameshikana mikono, Lurdes akiongea Kireno na Mama akimjibu kwa Kiswahili, na wala hawakuonekana kusumbuka.

Dereva alipopiga honi huko chini, Fátima alivimimina visheti kwenye mfuko wa safari na kumsaidia mama yake kusimama. Lurdes alilichukua bakuli. Akaenda nalo jikoni, akafungua kabati. Tupu. Akafungua jingine. Fátima alikuwa ameshafunga kila kitu. Hapakuwa na ganda la mkate ndani ya nyumba ile. Lurdes aligeuka akatuangalia, na uso ule niliujua. Ndio uso aliokuwa nao Mama jana yake akiwa kitandani na chombo kitupu.

"Liache tu, mama," nadhani Fátima alimwambia hivyo. Lurdes alimpita, akafungua mlango wa nyuma.

Uani kuna mti mkubwa wa kastanha, zile kokwa za kahawia wanazozichoma vuli, ambazo ganda lake la nje ni miiba mitupu. Ardhi ilikuwa imejaa. Lurdes aliinama kwa fimbo yake, akalikanyaga ganda kwa kisigino, likapasuka, akaokota kokwa na kuitia bakulini. Akakanyaga jingine. Mama alimwangalia mara mbili, akaelewa kazi. Akapiga magoti, yale yale magoti, kwenye majani yenye maji, akawa anaokota kila alichopasua Lurdes. Honi ikalia tena. Fátima alitaka kusema kitu, kisha akavua glavu akaingia naye, na mimi pia. Vidole viliniuma siku tatu kwa ile miiba.

Bakuli lilipojaa Lurdes alimkabidhi Mama kwa mikono miwili na kumwambia binti yake maneno mengi makali.

"Anasema hilo ni bakuli lake na analitaka," Fátima akatafsiri. "Anasema mlilete Lisbon."

Kurudi

Tulikaa Manteigas siku mbili zaidi. Nimeona maporomoko ya maji yanayoanguka ndani ya shimo la jabali, na msitu ambao majani yake yote yalikuwa ya rangi ya machungwa, hata hewa chini yake ilikuwa na rangi hiyo. Mama alinisubiri kwenye benchi la juu na thermosi, kwa kuwa njia ilikuwa ya mawe, na nikirudi ananiambia nimsimulie vizuri, nisirukeruke. Kastanha tulizichoma kwa Bi Graça na kuzila na majirani zake. Sijawahi kupokelewa vile na watu ambao sina hata lugha ya kuwashukuru.

Nilikuwa nimejiandaa kwa Mama kuvunjika moyo njiani. Kwenye teksi, tukilipanda lile bonde kurudi, nilimwuliza kama yuko salama, maana kuagana kule kulikuwa kwa haraka.

"Hajaniaga," akasema. "Angeniaga angebaki na bakuli lake."

Sasa liko jikoni North York, juu ya kaunta, kando ya jiko. Juzi nilitaka kulirudisha kabatini ndani ya kanga yake, lisije likagongwa na watoto.

"Liache hapo hapo," Mama akasema. "Sitaki tuje tulitafute siku ya kuondoka."